Sauti ya Zumari Kisiwani Pemba

Mgeni ashukaye bandarini Mkoani msimu wa mavuno hulakiwa na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini. Harufu ni tamu, lakini hewa ya Pemba ni ya chumvi na unyevu, wala haihurumii ala ya muziki. Zumari ya ukoo, iliyorithiwa na wajukuu, huvimba mbao zake na kupasuka.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Leo chombo cha kurekodia chaingia mkobani, na kompyuta huihifadhi ala yenyewe. Piano, yenye vibao 88, hurekodiwa noti moja moja, kwa mpigo wa pole na wa nguvu, hadi mlio ufe. Kisha mtu aliye mbali aweza kuipiga.

Zumari haikubali hivyo. Mpulizaji huvuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa, noti zikiteleza bila kukatika. Ukizikatakata, wabaki na milio tu. Basi zirekodiwe nyimbo nzima, wazee wangali na pumzi. Fundi asubiri tu mvua inyamaze juu ya mabati, na jogoo wa jirani naye.