Mawe ya Nairobi na Udongo Wake

Mgeni aingiaye Nairobi hutazama majumba marefu, wala hashughuliki na mawe yaliyo chini yake. Lakini mawe hayo yana habari zake, na mtu akusudiaye kununua kiwanja au kuchimba kisima katika mji huu ni vema azijue.

Tushike Kenyatta Avenue kuelekea magharibi. Tukivuka Uhuru Highway twaliona Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917. Kuta zake ni za mawe ya kijivu yaliyochongwa. Mawe ya namna hii, ambayo sehemu kubwa ya Nairobi ya zamani ilijengwa kwayo, hayakuwa mawe hapo mwanzo, yalikuwa majivu. Volkeno za upande wa Bonde la Ufa zilitapika majivu ya moto, yakaifunika nchi, yakarundikana na kushikamana hata yakawa mwamba. Ndiyo sababu mwashi huweza kuyachonga kwa nyundo na patasi. Ukiyatazama kwa karibu utaona vipande vidogo vya mawe mengine vimechanganyika humo kama chuya katika mchele. Wataalamu wameyapa baadhi ya majivu hayo jina la bonde la Kirichwa, mto upitao upande wa Kilimani na Kileleshwa.

Upo na mwamba wa namna nyingine, mgumu, wenye weusi, uliotoka ardhini kama uji wa moto, ukatiririka ukapoa. Huo haufai kuchongwa. Hupondwa kuwa kokoto. Aina yake moja huitwa fonolaiti, jina la asili ya Kiyunani maana yake jiwe lenye sauti, kwa kuwa kibamba chake kikigongwa hulia. Fonolaiti ya Kapiti, iliyotandazwa chini ya mbuga za Athi, ina umri upatao miaka milioni 13. Nayo imelala juu ya miamba ya kale zaidi, iliyogeuzwa hali yake kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya nchi. Miamba hiyo huonekana wazi Lukenya.

Jambo la ajabu ni jinsi mawe ya moto yanavyozaa udongo wa namna mbili. Kutoka Kilimani hata Kangemi na Dagoretti nchi yapanda, na mvua ikinyesha maji hushuka mabondeni. Maji yale huyeyusha chokaa na chumvi za mwamba na kwenda nazo. Kinachobaki ni chuma chenye kutu, na huo ndio udongo mwekundu wenye kina kirefu. Mapadre wa misioni ya St. Austin's, huko Lavington, walipanda kahawa katika udongo huo. Lakini chini, mbugani, maji hutuama. Chumvi hazina pa kwenda, hubaki na kufanya udongo mweusi unaonata. Reli ilipofika mwaka 1899, kituo kilijengwa penye tambarare ya majimaji, na mji ukakua hapo hapo.

Udongo mweusi huvimba wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hunywea na kufanya nyufa ambazo mguu waweza kuingia. Nyumba iliyowekwa juu yake bila kuchimbwa mpaka kwenye mwamba hupasuka kuta, hata kama saruji yake ni nzuri. Wenye kuuza viwanja hawana desturi ya kulitaja jambo hili. Afadhali mnunuzi aende mwenyewe na jembe.

Walio upande wa magharibi wasifurahi mno. Maji ya visima virefu vya Nairobi, yakikaa katika mawe haya ya volkeno, mara nyingi huyeyusha madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi hupita kiasi hicho. Mtoto anayeyanywa maji hayo meno yake huota na madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji hupungua kwa mvuke na floraidi ikabaki chunguni. Hayana rangi wala harufu. Ni kupimwa tu katika maabara ndiko kutakakoonyesha.