Shoka na Mpini Wake



Ndugu zangu katika imani, mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Hapa kwetu Buyenzi vijana wengi walikosa riziki ghafla. Mmoja wao ni mwanafunzi wangu wa zamani, yatima wa baba, aliyekuwa akimlisha mama yake kwa baiskeli ya abiria.

Baada ya sala ya Ijumaa tulimchangia pesa aanze biashara, tukampa kama qardhi hasana. Biashara gani, hatukumuuliza. Kodi ya nyumba na chakula vilizimaliza kabla ya mwezi kwisha. Tangu hapo akiniona njiani anavuka upande wa pili, na msikitini hakuonekana tena. Mama yake akaniambia, "Ustadhi, mwanangu anawaogopa nyinyi kuliko njaa." Neno lile lilinikosesha usingizi.

Siku moja nikawa nasomesha hadithi ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Sunan Abu Dawud. Answari mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo na chombo cha kunywea maji. Vikanadiwa kwa dirhamu 2: moja ya chakula cha watu wake, ya pili ya shoka. Mtume kwa mkono wake akalitia mpini, akamwambia akatafute kuni, wasionane kwa siku 15. Alirudi na dirhamu 10.

Hapo niliona kosa langu. Tulitoa pesa, lakini chakula hatukukitenga na mpini hatukuutia.

Nikamwendea kwao. Deni tulilisogeza mpaka apate wasaa, kama tunavyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280. Kisha nikamuuliza ana nini. Alikuwa na baiskeli yake tu. Akaiuza kwa bei ndogo, maana wengi walikuwa wanauza: sehemu ikawa ya chakula, sehemu ya pampu, spana, viraka na gundi. Fundi mmoja wa mtaani akampa nafasi mlangoni pa gereji yake, akamwelekeza kazi.

Hajatajirika. Anaziba pancha, na deni analipa kidogo kidogo. Lakini Ijumaa iliyopita tulisimama naye safu moja.

Wazazi wenzangu, tukimsaidia kijana, tuanze kwa kumuuliza alichonacho, na tusimwache na deni peke yake.

Wabillahi tawfiq.