Harufu za Chumba cha Kuzalia

Kichefuchefu cha uchungu wa kuzaa hakifanani na kile cha miezi ya mwanzo ya mimba. Uchungu ukishika, tumbo hupunguza kasi ya kusaga chakula, maumivu hupanda, na mama anaweza kutapika ghafla, hasa mlango wa kizazi unapokaribia kufunguka wote. Mkunga mzoefu akiona hivyo huanza kuandaa vifaa. Sindano ya pethidini huzidisha hali hiyo, na ganzi ya uti wa mgongo huileta kwa kushusha presha. Harufu nayo ina mchango wake: ipo inayomchefua mama na ipo inayomtuliza.

Nyarusange ya Gitega, Burundi, ilikuwa nchi ya kuzalia nyumbani. Mama alizungukwa na mama mkwe, jirani aliyekwisha kuzaa na mkunga wa jadi. Uani ulisimama muravumba, mti mdogo wenye majani laini ya manyoya yanayonata vidoleni. Jani lake likifikichwa hutoa harufu kali inayopanda moja kwa moja puani, yenye ukafuri ndani yake, na mkono huendelea kunukia hata baada ya kunawa. Warundi wameutumia kwa kikohozi, homa na tumbo linalosokota. Ila kunusa jani ni jambo moja na kunywa maji yake ni jingine. Dawa za kunywesha wakati wa uchungu ndizo zilizowachafulia jina wakunga wa jadi, na hawakuonewa. Mwanafunzi wa ukunga wa leo anaweza kusifu lavenda aliyoiona kwenye simu, kisha akapita kando ya muravumba asiutambue.

Mjini, harufu zilipitia dukani. Gitega na Muyinga zilikuwa na mitaa ya Waswahili, na humo yalikuwamo maduka, mengine ya Waarabu wenye asili ya Oman. Mwenye duka wa aina hiyo hakuhitaji kuambiwa nani yu karibu kujifungua. Ubani na karafuu zilizoagizwa siku moja zilimtosha. Karafuu alizipima kwa kijiko na kuzifunga katika kipande cha gazeti, na gazeti lilianza kunukia kabla mteja hajafika mlangoni. Ubani aliuweka rafu ya mbali na sabuni, na mtoto aliyetumwa akichanganya vitu hivyo alirudishwa na maneno. Ndimu hazikuwa zake, zilitoka sokoni: ganda likikwaruzwa kwa ukucha na kusogezwa puani, mama mwenye kichefuchefu hupata nafuu ya muda. Baadaye kikaja kile kikopo chekundu cha Kichina chenye mentholi na kafuri, kidogo kuliko kifuniko cha chupa, kisichofunguka bila sarafu au ukucha mrefu. Kikawa dawa ya kila kitu, kuanzia mafua hadi kizunguzungu cha basi.

Huduma ya uzazi ilipofanywa bure, Mei 2006, akina mama walihamia vituo vya afya. Kufikia utafiti wa kitaifa wa 2016–17, zaidi ya wanane kati ya kumi walijifungulia humo. Faida yake haina mjadala. Lakini chumba kipya kilinuka maji ya javeli ya kusafishia, yale yale yanayomchefua mama aliyekwisha kuchefuka, na mara nyingi mama mkwe alibaki nje ya mlango pamoja na ndimu yake. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye. Nafasi finyu ya wodi bado ndiyo kisingizio cha kumzuia.

Kwingineko harufu ilikuwa imekwisha kuwa elimu. Mfaransa René-Maurice Gattefossé alitoa kitabu cha tiba ya harufu mwaka 1937. Katika hospitali ya John Radcliffe, Oxford, wakunga walifuatilia wazazi 8,058 waliotumia mafuta ya kunukia tangu 1990 hadi 1998. Mafuta ya mnanaa ndiyo waliyoyapendelea kwa kichefuchefu. Hawakuwagawa wazazi kwa bahati nasibu, kwa hiyo matokeo yao ni dokezo tu. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2018, yaliyohusu wagonjwa waliotoka kupasuliwa, hayakupata uthibitisho wa kutosha juu ya mnanaa. Kilichoonyesha dalili ya kufaa ni kunusa spiriti ya isopropili, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano.

Njia inayokubalika ni nyepesi: tone moja au mawili ya mafuta kwenye pamba, pamba ishikwe na mama mwenyewe, itupwe akisema inamkera. Mafuta hayanywewi, ya mkaratusi yakimezwa huweza kuleta degedege. Mentholi na kafuri zisifike puani mwa mtoto mchanga, kwa sababu huweza kumzuia kupumua, hivyo kikopo chekundu kifungwe kabla hajatoka. Mama anayetapika huku kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu au maumivu yakimkaba chini ya mbavu apimwe presha mara moja, maana huenda kifafa cha mimba kinakuja.