Kijana wa Mkoa Wetu Aliyehamia Nyuma ya Kamera

Leo mtu akimtaja mwigizaji Steven Kanumba, mazungumzo huanzia kwenye kifo chake. Mimi huanzia Shinyanga, kwa sababu huko ndiko sisi wa Lalago tulikompata. Miaka ile Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Lalago ilikuwa Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Shinyanga, na barabara ya vumbi inayopita Kolandoto ndiyo iliyotufikisha mjini, huko alikozaliwa Kanumba Januari 1984. Sura yake ilipoanza kuonekana kwenye televisheni, watu wazima waliuliza kwanza kwao ni wapi. Wakaambiwa ni Shinyanga. Tangu siku hiyo akawa kijana wetu, na hata wasiojali maigizo walitaka kujua kaigiza nini wiki hii.

Ili uelewe furaha ile, lazima ujue tulikuwa tunatazama nini kabla yake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Vijijini mambo yalichelewa zaidi: ulihitaji dishi, betri ya gari, na jamaa mwenye duka asiyechoka kujaziwa watu barazani. Sisi wengine elimu yetu ya sinema tuliipata kwenye banda la video. Nilifanya kazi kwenye banda moja hapa Lalago nikiwa kijana. Nilipokea kiingilio mlangoni, nilijaza mafuta kwenye jenereta, na kila alasiri niliandika kwa chaki, kwenye ubao wa nje, majina ya muvi za siku hiyo. Zilikuwa za ngumi kutoka Hong Kong, za mapenzi kutoka India, za uchawi na mali kutoka Nigeria.

Nyingi tulizielewa kwa msaada wa mtu mmoja, Derick Gaspar Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu. Alikuwa akiingiza sauti yake juu ya filamu za nje, akazisimulia kwa Kiswahili, akaongeza maelezo yake mwenyewe pale alipoona mtazamaji ataachwa njiani. Lufufu alikuwa fundi, na nilimpenda kama walivyompenda wote waliokaa kwenye mabenchi yale. Lakini alichokuwa akitusimulia ni habari za watu wengine. Nyumba hazikuwa zetu, misiba haikuwa yetu, na akina mama wa kwenye picha hawakukaripia watoto kama mama zetu.

Mwaka 2002 Kanumba alijiunga na Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo lililoonekana ITV. Alikuwa na miaka 18. Wenzake humo walikuwa akina Vincent Kigosi, aliyejulikana zaidi kama Ray, na Blandina Chagula, maarufu kama Johari. Picha zao zilikuwa rahisi: sebule, kochi, geti, mtaa. Lakini baba mkali akiingia sebuleni, sisi tulikaa wima, maana tulimjua. Kanumba alikuwa mrefu, mwenye sura ya kupendeza, na aliongea taratibu kama mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa. Muda si mrefu, wasichana wa shule walikuwa wakiandika jina lake kwenye majalada ya madaftari yao, na vijana wa rika langu wakimwomba kinyozi awanyoe kama yeye.

Halafu maigizo yakatoka kwenye televisheni yakaingia kwenye kanda, na baadaye kwenye VCD. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend ya George Tyson, ikiwa na wanamuziki wa Bongo Fleva ndani yake, na wafanyabiashara wa Kariakoo wakaona kwamba Mtanzania yuko tayari kulipa ili amwone Mtanzania. Mwaka 2006 zikaja Johari na Dar to Lagos, ambamo Kanumba alikutana na Mercy Johnson wa Nigeria. Ilipofika Oprah, mwaka 2008, iliyomkutanisha na Ray na Irene Uwoya, ubao wangu ulikuwa umebadilika kabisa. Muvi za nje zilibaki mchana. Usiku, hasa miezi ile watu wamekwisha kuuza pamba na fedha ipo mkononi, banda lilikuwa la Bongo muvi.

Hapo ndipo vijana walipogawanyika, wa Kanumba huku na wa Ray kule. Wazee walitutazama na kusema wanayajua haya tangu zamani. Huku kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana uwanja mmoja, kila upande ukicheza kivyake, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Ubishi wa banda la video ulikuwa ngoma ileile iliyohamia kwenye kioo, na kila upande ulileta ndugu zake ili uonekane mkubwa.

Jambo nililolishuhudia mwenyewe, na ambalo sijaona likiandikwa, ni kuingia kwa akina mama. Kabla ya hapo banda la video lilikuwa mahali pa vijana wa kiume, na mama mwenye heshima zake alipita mbali. Muvi za Kanumba ziliwaleta. Walianza kwa kusimama mlangoni wakijifanya wanawatafuta watoto. Baadaye wakalipa kiingilio na kukaa mbele. Walilia, walimkemea mwanamume mwongo aliyekuwa kwenye skrini, na muvi ikiisha walibaki nje wakijadili kama yule mke alifanya sawa kurudi. Mwenye banda, mzee wa watu asiyependa kelele, aliniambia, “Kijana, waongezee benchi mama zako.” Niliongeza.

Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuandika ubaoni, nilizoea kusoma majina yanayopita mwanzoni na mwishoni mwa muvi, wakati wengine wanatafuta viatu vyao gizani. Kwa njia hiyo nikaona badiliko kubwa la maisha yake. Mwanzo jina lake lilikuwa kati ya waigizaji tu. Kisha akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, na jina lilelile likaanza kurudi: mtunzi, mtayarishaji, mwongozaji. Yule aliyependwa kwa sura sasa alikuwa anaamua kamera iangalie nini, na nani apewe nafasi ya kusema.

Chaguo lake moja lilinigusa kuliko yote. Katika This Is It na Uncle JJ aliwapa watoto uwanja, wale tuliowaita Jennifer na Patrick. Muvi zetu kabla ya hapo zilimtumia mtoto kama mtu wa kutumwa maji ya kunywa, kisha anatoweka. Kanumba, ambaye mashabiki walitaka kumwona yeye tu, alikaa pembeni ya fremu akawaacha watoto wabishe, wacheke na waharibu mipango ya wakubwa. Nyota anayejua kwamba umati umekuja kwa ajili yake, kisha akakubali kupisha, amekwisha kuwa mwongozaji. Banda letu lilipata watazamaji wapya wafupi, na mimi nikapata kazi ya kuwarudisha makwao kabla giza halijawa nene.

Hakuridhika na mipaka ya nyumbani. Mwaka 2011 alitoa Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah, nyota wa Nigeria ambaye sisi tulikuwa tumemjua kwa miaka mingi kupitia kanda. Kumwona mtu wa Shinyanga amesimama naye bega kwa bega, ndani ya kazi ya kampuni ya huyo huyo mtu wa Shinyanga, kulikuwa ni fahari ambayo sikuwa nimewahi kuionja mbele ya televisheni.

Machi 2012 Serikali ilitangaza rasmi mikoa mipya, nasi tukawa watu wa Simiyu. Wiki chache baadaye, asubuhi ya Jumamosi tarehe 7 Aprili, siku moja kabla ya Pasaka, redio na simu zilileta habari kwamba Kanumba amefariki usiku nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 28. Jumanne tarehe 10 aliagwa viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni, mbele ya maelfu ya watu na viongozi wa nchi. Hapa Lalago hakuna aliyesema kwamba yeye ni wa Shinyanga na sisi ni wa Simiyu. Walioweza kupata televisheni walitazama maziko kama wanavyokaa kwenye msiba wa ukoo, na akina mama wale wa benchi la mbele walilia bila kuficha.

Kesi ya kifo chake ilichukua miaka mitano na ikala nafasi yote kwenye magazeti. Ndiyo maana watoto wa leo wanakijua kifo chake kuliko kazi yake, na hilo linaniuma. Kanumba alitutoka wakati ambao kazi ilikuwa inakaribia kupanuka. Mwaka uliofuata zilikuja stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA) za kulinda kazi za wasanii zisidurufiwe ovyo, na mwisho wa 2013 Azam TV ikaanza kurusha matangazo. Baada ya hapo tamthilia za Kitanzania zikarudi kwenye televisheni kwa nguvu, mpaka tukapata Jua Kali ya Leah Mwendamseke, Lamata, iliyofuatwa na nchi nzima. Kijana aliyeanzia tamthilia za ITV, akajifunza kuongoza kwenye VCD, angekuwa na miaka 29 tu milango hiyo ilipofunguka. Naamini angekuwa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa televisheni katika Afrika Mashariki.

VCD zile sasa zinakwaruzika na kuoza kwenye maboksi. Wenye nakala safi za kazi zake, wasambazaji na ndugu, wazihifadhi mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuzipata, pamoja na maigizo ya Kaole, kwa sababu hiyo ndiyo shule yetu ya kwanza ya picha. Na kijana wa Maswa, Bariadi au Meatu anayetaka kuongoza tamthilia, ambaye leo ana kamera ndani ya simu yake, azitazame mara mbili: mara ya kwanza amtazame mwigizaji, mara ya pili aangalie kila kitu ambacho mwongozaji alikichagua.