Taa Chini ya Kabati

Useremala nilijifunza Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa libuyu na muvula, mbao ngumu zilizoletwa kwa lori kutoka misitu ya Mambasa kupitia Beni. Patron wangu hakutaka kusikia habari ya mbao za kiwandani. Lakini wafanyabiashara wetu walikuwa wamekwisha kufika Dubai na Guangzhou, na walirudi wakidai kabati nyeupe, laini, zenye taa chini. MDF ikaanza kuingia kutoka Mombasa na Kampala kwa mpaka wa Kasindi, mpaka uleule unaotoa libuyu yetu kwenda nje. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo. Hata hivyo nilijifunza MDF, kwa sababu ndiyo iliyosomesha wanangu.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Ukiipiga visi (skrubu) ubavuni, inafunguka kama kitabu. Ndiyo maana bao la taa, lile linalobeba taa chini ya kabati, nalifunga kwa uso wake, mbali na ukingo, baada ya kutoboa tundu jembamba kuliko visi yenyewe. Ubao wa chini wa kabati una unene wa milimita 18, bao la taa lina 12. Visi ya 25 inashika barabara bila kutokeza ndani kwenye sahani. Penye upana mkubwa naongeza ufito wa libuyu kwa nyuma, mteja asipopaona, ili bao lisilegee katikati.

Kuna mafundi wanaobandika bao kwa kola (gundi) peke yake. Mimi nakataa kabisa. Sombe, majani ya muhogo, inachemka muda mrefu juu ya makaa, na mvuke wote unapanda pale pale chini ya kabati. MDF ikinywa maji inafura, na ikishafura hairudi tena. Beni kuna joto na unyevu. Butembo kuna baridi ya mlimani, watu wanapika madirisha yamefungwa. Kote kuwili kila ukingo uliokatwa lazima upakwe rangi au vernisi kabla bao halijapanda. Na lazima bao lifunguke, maana siku moja waya utakatika.

Nyumba nyingi nilizofanyia kazi zilitumia betri na paneli za jua. Utepe wa LED wa volti 12 unawaka moja kwa moja kwenye betri, basi hata nyumba isiyo na umeme wa mji ilipata mwanga wake. Utepe nauweka ukingo wa mbele, nyuma ya ubao mwembamba unaokinga macho. Ukiusukuma ukutani, unaangaza ukuta huku mpishi akikata lengalenga kwenye kivuli.

Niliwahi kudhani kazi hii ni pambo la matajiri. Beni ilinibadilisha. Mauaji ya raia yalipoanza kuizunguka, Oktoba 2014, jamaa walikimbia vijiji wakajaa katika nyumba za ndugu zao mjini. Mama mmoja aliyewapokea wengi aliniita.

“Papa fundi, hapa tunapika tangu alfajiri mpaka usiku. Mabinti wanajikata vidole.”

Nilimfungia bao upande wa meza ya kukatia. Akanishika mkono, akanionyesha upande wa pili, penye beseni la kuoshea vyombo.

“Na huku je, Papa?”

Nikashuka kwenye ngazi, nikapima na huko.