Bia nyeusi ya kwanza: usichague kwa rangi

Bendera, eneo la Kalemie. Kwa kawaida wasomaji wa ukurasa huu wananiuliza barabara ya Kalemie iko namna gani, kama magari yanapita, unga umefika bei gani sokoni. Mwezi huu swali lililonifuata hadi nyumbani ni lingine: mtu ambaye hajawahi kunywa bia nyeusi aanze na ipi? Vijana wa pikipiki wameniuliza, mwalimu mmoja ameniuliza, na mwisho shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kwa shemeji halikuwa swali la starehe, nitaeleza sababu.

Hapa kwetu chupa yoyote yenye kinywaji cheusi inaitwa bia nyeusi, na kila mtu ana maneno yake juu yake. Ni kali. Ni ya wanaume. Inaongeza damu. Inaondoa uchovu wa shamba. Ukiyaangalia vizuri, maneno hayo yote yanatoka kwenye rangi tu. Basi tuweke vinywaji vitatu mezani. Maltina ni nyeusi kabisa, na watoto wanaimaliza kwenye sherehe za ubatizo, maana haina pombe. Lutuku inaonekana safi kama maji ya Kiyimbi, na vikombe viwili vinaweza kumlaza mtu mzima kando ya njia. Primus ina rangi ya dhahabu na iko katikati ya hizo mbili. Kama rangi ingekuwa ndiyo nguvu, lutuku ingekuwa kinywaji cha watoto.

Rangi inatoka kwenye moto. Mama zetu wanaopika pombe ya mahindi au ya mtama wanajua kimea: unalowesha nafaka, unaiacha ichipue, unaianika, unaisaga. Viwanda vinafanya hivyo hivyo na shayiri. Kimea kikikaushwa kwa moto mdogo, bia inatoka ya dhahabu. Kikikaangwa zaidi, inatoka ya kahawia, na ladha yake inakaribia sukari iliyoungua. Ukienda mbali zaidi, ukachoma shayiri kwa moto unaopita nyuzi 200 hadi iwe kama buni iliyokaangwa sana, unapata bia nyeusi yenye uchungu wa kahawa. Hiyo ya mwisho ndiyo stout.

Kwa hiyo bia nyingi ambazo hapa tunaziita nyeusi si stout. Turbo King ya Bralima ni bia ya kahawia iliyokolea, ya jamaa moja na Primus, ila kimea chake kimepita kwenye moto zaidi. Tembo ya Lubumbashi iko upande huo huo wa kahawia, na Doppel vilevile. Chukua glasi, iinue kwenye mwanga wa taa: kama unaona wekundu ndani yake, basi ni ya kahawia. Stout haipitishi mwanga, labda kidogo ukingoni. Hilo ni jaribio dogo, halina gharama, na linamaliza ubishi mwingi wa nganda.

Stout inayojulikana zaidi upande wetu wa Afrika ni Guinness. Arthur Guinness alianza kazi yake Dublin mwaka 1759, akapanga kiwanja kwa miaka 9,000, mkataba ambao ningependa kuwaonyesha wenye nyumba wa Kalemie. Chupa tunazoziona huku zina historia ya safari. Mwaka 1801 kiwanda hicho kiliandika namna ya kutengeneza bia ya kwenda visiwa vya Karibi, iliyotiwa hopsi nyingi na pombe zaidi ili iweze kukaa kwenye meli majuma mengi katika joto bila kuharibika. Ndiyo mama wa ile inayoitwa Foreign Extra Stout. Mwaka 1962 walifungua kiwanda Nigeria, na leo inatengenezwa pia Kenya, Uganda na Tanzania. Kutoka Dublin wanatuma kiini cheusi kilichokolea, na wenyeji wanakichanganya na bia iliyotengenezwa pale pale. Kwa hiyo chupa inayovuka ziwa kutoka Kigoma ni ya Ulaya kwa kiini na ya Afrika kwa maji na sehemu kubwa ya nafaka.

Jina moja lakini nguvu mbalimbali. Guinness ya pipa wanayokunywa Dublin ina asilimia 4.2 tu ya pombe, pungufu ya Primus. Ile ya Kenya ina 6.5, ya Nigeria 7.5. Mtu akikuambia "nimekunywa Guinness tatu London na sikuhisi kitu", usijaribu kumwiga na chupa tatu za Afrika. Tena usisahau ukubwa wa chupa. Primus kubwa ya sentilita 72 kwa asilimia 5 inabeba mililita 36 za pombe tupu. Chupa ndogo ya stout ya sentilita 33, hata ile ya Nigeria, inabeba kama 25. Yule anayetishwa na kachupa keusi wakati ameshika Primus kubwa mkononi, yeye ndiye anayekunywa zaidi. Soma karatasi ya chupa: asilimia, ujazo, tarehe. Kama karatasi imebanduka, rudisha chupa.

Sasa shemeji. Mdogo wangu alijifungua majuma sita yaliyopita, salama, mtoto wa kike. Lakini alipoteza damu, na kwenye kituo cha afya walimwambia damu imepungua, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Nyumbani mama mkwe wake, ambaye ametulea wengi hapa kijijini na ambaye ninamheshimu kama mama yangu, alisema vidonge vinachelewa. Dawa ya mzazi ni bia nyeusi, moja asubuhi, moja jioni, na yai bichi ndani yake. Shemeji hajawahi kunywa bia yoyote nyeusi, wala mke wake. Akaja kwangu na pesa mkononi: "Yaya, wewe unajua haya mambo. Nichagulie ile nzuri zaidi."

Mama huyo hakubuni jambo. Wazungu wenyewe waliliuza. Kuanzia mwaka 1929 Guinness ilitangazwa Uingereza kama kinywaji chenye faida mwilini, na kule Ireland kwa miaka mingi watoaji wa damu walipewa chupa moja baada ya kutoa. Tangazo la namna hiyo likishaingia katika nchi haliondoki, linageuka kuwa hekima ya wazee, na linasafiri kwa mdomo hadi Bendera, ambako kiwanda chenyewe hakijawahi kuleta gari.

Hesabu yake ni hii. Glasi kubwa ya Guinness, kama sentilita 57, ina takriban miligramu 0.3 za madini ya chuma. OMS inashauri mama mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 kila siku kwa vidonge, na aendelee majuma kadhaa baada ya kujifungua pale ambapo upungufu wa damu ni mwingi. Kufikia miligramu 30 kwa stout kunadai glasi 100 kwa siku. Na pombe yenyewe inapita kwenye maziwa: kiasi kilicho katika damu ya mama ndicho, karibu sawa, kilicho katika maziwa anayomnyonyesha mtoto. Yai bichi nalo lina hatari zake kwa tumbo la mtu dhaifu.

Kumwambia hayo shemeji kulikuwa rahisi. Kumwambia mama mkwe ilikuwa kazi nyingine. Nilikwenda jioni, nikakaa kwenye kigoda, tukaongea kwanza juu ya muhogo wake na mvua. Halafu nikamwuliza: "Mama, zamani mlipompa mzazi hiyo bia, mlimpa na nini?" Akahesabu kwa vidole: maini, maharage, sombe, samaki wabichi kutoka ziwani kila vilipopatikana, na kupumzika siku arobaini bila kubeba maji. Nikamwambia, basi labda hivyo vingine ndivyo vilivyofanya kazi, na bia ilipata sifa tu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, na wewe unaongea kama karatasi." Lakini aliniuliza vidonge vinamezwa saa ngapi, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayesimamia.

Pesa ya shemeji ilibaki, na swali lake likabaki, ila sasa lilikuwa lake mwenyewe. Kwa mtu mwenye afya anayetaka kujua bia nyeusi ina nini, mimi ningeanza na Turbo King au Tembo. Utamu wake wa sukari iliyoungua unampokea vizuri mtu aliyezoea Primus. Stout yenyewe iwe ya pili, na iwe chupa moja kwa watu wawili au watatu, maana uchungu wa kwanza unakatisha tamaa, na kumwaga bia ya bei ile ni dhambi. Anayeogopa uchungu na ana ndugu wa kumtumia kitu kutoka ng'ambo anaweza kuomba Castle Milk Stout ya Afrika Kusini: wanatia ndani sukari ya maziwa, ambayo chachu haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Ila kama tumbo lako linagombana na maziwa, iache.

Usiitie barafu. Baridi kali inaua ladha ya kahawa na kuacha uchungu peke yake. Hapo sisi tusio na frigo tuna bahati: chupa iliyofungwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini tangu mchana inafaa stout kuliko inavyofaa Primus. Na usinywe juu ya njaa. Mikebuka ya kuchoma, yenye ngozi iliyoungua kidogo, inakwenda na stout kana kwamba vilitoka moto mmoja. Ndagala zilizokaangwa kwa mawese vilevile. Sombe, kwa maoni yangu, inashindana nayo na wote wawili wanapoteza.

Kupata chupa ndiyo shida. Upande wetu wa kaskazini tulizoea vitu vinavyoshuka kutoka Bukavu kupitia Uvira na Baraka. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipotekwa, kiwanda cha Bralima kule kiliporwa, na mwezi Juni Heineken, ambao wakati huo ndio waliokuwa wenye Bralima, walitangaza kwamba hawakitawali tena, wala depo zao za upande huo. Kinachofika kwetu sasa kinapanda kutoka Kalemie, na kila daraja bovu linaongeza franka. Ndiyo maana naomba mtu asinunue kwa kubahatisha. Pesa ya chupa mbili hapa ni unga wa nyumba nzima. Tena angalia tarehe na kifuniko: chupa iliyokaa juani dukani miezi mingi inanuka karatasi iliyolowa, na kwa bia nyeusi muuzaji atakuambia ndiyo harufu yake. Siyo.

Jumapili shemeji alinunua Turbo King moja, na mimi nikatoa Guinness ndogo niliyoletewa na rafiki wa bandarini. Tulikuwa watu wazima watatu, na mikebuka mbili. Turbo King aliisifu, akasema ni kama ukoko wa sukari kwenye sufuria. Kwenye Guinness alikunja uso, akasema ni kahawa iliyosahauliwa motoni, akaweka glasi chini. Baada ya kipande cha samaki aliishika tena, akanywa polepole hadi mwisho, na hakusema kitu. Mama mkwe alionja kijiko kimoja akauliza kama ndiyo hiyo waliyokuwa wakinunua zamani. Nikamwambia labda. Akasema ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi.

Mdogo wangu alikunywa Maltina, ambayo nayo haiongezi damu, ni sukari tu, lakini aliitaka. Alhamisi anarudi kituo cha afya kupimwa tena.