Mashini ya Sombe

Kwetu Lubumbashi chakula cha jioni ni bukari na sombe. Bukari huiva upesi. Lakini sombe ina kazi: majani ya muhogo yachumwe, yaoshwe, yatwangwe katika kinu mpaka yalainike. Na ni nani anayetwanga? Mara nyingi ni binti. Kaka yake amekaa na daftari, naye ameshika mchi. Umeme ukikosekana na giza likiingia, saa yake ya kusoma imekwisha. Jambo hilo lilinisumbua katika nyumba yangu mwenyewe.

Basi nikanunua, kwa wauza vyuma vya magari, motere ile inayosukuma vifagio vya kioo wakati wa mvua. Inafaa kwa sababu mbili: yatumia batri ya volti 12, na ndani mna meno yanayopunguza mwendo. Huzunguka polepole, kama mara 40 kwa dakika, lakini kwa nguvu. Nikaondoa mkono wa mashini ya kusagia nyama, na fundi akaunga kipande cha bomba cha kushika vyuma viwili pamoja. Vyote vikafungwa juu ya ubao mzito. Vyuma hivyo viwe katika mstari mmoja. Vikipinda, mashini hutikisika na motere hupata moto.

Ikitumia ampere 5, nusu ya batri ya ampere-saa 40 huizungusha saa 4. Sombe ya jioni haihitaji hata nusu saa.

Lakini tuangalie mambo matatu. Majani yasukumwe kwa kijiti, kamwe si kwa kidole. Karibu na batri pawekwe kile kifaa kidogo kinachokatika chenyewe umeme ukizidi, kwani nyaya zikigusana zaweza kuwaka. Tena, kusaga peke yake hakumalizi sumu ya majani ya muhogo. Lazima yachemshwe sana, na mfuniko uwe wazi ili mvuke utoke.

Mama mkwe wangu alipoonja alisema, “Baba, hii ni nzuri, lakini ya kinu hushika mawese vizuri zaidi.” Sikubishana naye. Siku ya sikukuu kinu chake hutolewa nje.

Jambo moja sikulitazamia. Kijana wangu, ambaye hakugusa mchi hata siku moja, aliiona motere akaomba aizungushe yeye. Nikamwambia, “Vema, lakini anayesaga ndiye anayechuma na kuosha.” Siku hizi wanapokezana, na dada yake naye ana saa yake ya daftari.

Enyi akina baba, si kila mmoja atapata motere. Lakini kila mmoja aweza kutazama jioni ya leo ni nani anayetwanga nyumbani mwake. Kidole kimoja hakivunji chawa.